Fundi, nikaze bolti za beringi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine kuukuu ya kukereza vyuma aliyoniachia marehemu baba. Nikiingiza kisu cha kukatia kipande, chuma kinapiga kelele na kubaki na makunyanzi. Beringi za spindo, yaani shafti kuu inayozungusha chuma, si za gololi. Kila moja ni nusu mbili za chuma zilizofungwa kwa bolti. Rafiki yangu anasema nikaze bolti tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Spana iweke chini kwanza. Bolti hizo hukazwa mpaka mwisho siku zote, na nusu ya juu hukaa juu ya vibati vyembamba, shimu, vilivyo katikati. Nafasi kati ya beringi na shafti inatokana na unene wa shimu. Rafiki yako amekosea mahali pa kugusa.

Anza kwa kupima. Vua mkanda. Bandika saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha msogeo mdogo, kwenye mwili wa kichwa cha mashine, ncha yake iguse mgongo wa spindo karibu na beringi ya mbele. Penyeza fimbo imara ndani ya spindo, uinue. Tunainua kwa sababu uzito wa spindo huilaza chini, lakini kisu cha mbele kinapokata, chuma kinachokerezwa husukumwa juu pamoja na spindo. Hapo ndipo makunyanzi yanapozaliwa. Mshale ukisogea milimita 0.03 hadi 0.05, beringi ziache, katafute kosa kwenye kisu au reli zake. Ukifika 0.10, fungua.

Kabla ya kugusa shimu, pima shafti kwa maikromita, mahali pengi, kwa kuizungusha. Nakuomba sana usiiruke hatua hii. Nilipokuwa kijana niliondoa shimu nyingi kwa mpigo mmoja kwenye shafti iliyokuwa imelika upande. Ilizunguka vizuri kwa mkono, nikafurahi. Baada ya dakika chache kazini ikakwama, na nilipofungua nilikuta chuma kimechubukana pande zote mbili. Uchungu wake ninao hadi leo. Shafti isiyo duara haiponi kwa shimu. Ipeleke ikasagwe, kisha beringi ziandaliwe upya kwa kipimo chake.

Ikiwa duara, ondoa unene uleule kushoto na kulia, kidogo kidogo, 0.02 kwa hatua. Kila mara funga, tia oili, zungusha kwa mkono, upime tena. Penye kubana, paka shafti rangi ya buluu ya kuonyesha mguso, izungushe, kisha kwangua beringi palepale rangi ilipoacha alama. Msasa usiutumie, maana chembe zake hubaki ndani na kuendelea kula shafti.

Sasa tazama tambi za oili, zile nyuzi zinazovuta oili kutoka chupani hadi kwenye beringi. Zikiziba, beringi hukauka huku chupa imejaa, na nyingi nilizofungua zilianza kufa hivyo. Weka tambi mpya za sufu na oili nyepesi ya spindo, namba 32 (ISO VG 32, kipimo cha uzito wa oili) kama kitabu cha mashine hakisemi vingine. Grisi hapana. Mchezo wa spindo wa mbele na nyuma una nati yake ya nyuma, urekebishe mwisho.

Iwashe mwendo wa chini nusu saa, kisha panda taratibu, ukigusa beringi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Kiganja kikishindwa kutulia hapo, zima na urudishe shimu moja kila upande.