Tarehe za watoto zitangulie: ushauri kwa nyumba yenye CU, misheni na familia

Familia nyingi za huduma kati ya Njoro na Bondo, hapa Kenya, hazichoki kwa uvivu wala kwa uhaba wa maombi. Huchoka kwa sababu zinaishi kwa kalenda tatu zisizojuana: ya chuo, ya shule ya watoto, na ya kanisa linalotuma. CU, yaani chama cha wanafunzi Wakristo chuoni, inataka mlezi wake aende nayo misheni ya mwaka wiki ambayo mtoto ana mtihani. Kamati ya misheni inakata tiketi ya Agosti kwa vile nauli imepatikana, na hakuna aliyeuliza Agosti ile nyumbani kuna nini.

Dawa yake ni karatasi moja kubwa ukutani, na utaratibu wa kuijaza ndio wenye kazi. Wizara ya Elimu ikishatangaza tarehe za mihula, baba na mama wakae jioni moja, simu zikiwa mbali. Kwanza ziandikwe siku za kufungua na kufunga shule, mapumziko ya katikati ya muhula, na mitihani. Mwenye mtoto wa Gredi 6 au Gredi 9, madarasa ya mtihani wa taifa, aufunge muhula wa tatu wote: hakuna safari ya ng'ambo, hakuna kesha la CU nyumbani. Kisha ziandikwe siku za ukoo, yaani mahari, harusi, na mkutano wa Desemba kijijini. CU ije ya tatu, tena kwa penseli, kwa sababu mgomo mmoja wa wahadhiri unatosha kusogeza semesta nzima. Safari ya nje huandikwa mwisho, kwenye nafasi iliyobaki. Isipopata nafasi, isubiri mwaka unaofuata.

Watu hulalamika kwamba huko ni kumpa Mungu makombo. Sioni hivyo. Safari ya wiki tatu inaweza kusogezwa, lakini mtoto hafanyi Gredi 9 mara mbili.

Kwa upande wa chuo, wiki za kulindwa ni zile za mwanzo wa mwaka, wanapopokelewa wa mwaka wa kwanza. Mlezi wa CU ya Chuo Kikuu cha Egerton au cha Maseno akikosekana wakati huo, anakosekana kwa miaka minne, kwa maana mwanafunzi hufuata nyumba iliyompokea kwanza. Wiki nyingine ngumu ni za uchaguzi wa viongozi, maana hapo ndipo makundi huzuka na mzee wa kutuliza huhitajika. Katikati ya semesta kuna nafuu, na ibada za kawaida wanafunzi huziendesha wenyewe vizuri tu.

Sasa meza. Kuwalisha wanafunzi ndiyo huduma yenyewe kwa sehemu kubwa, na ndipo nyumba hulemewa bila kujua. Chukua wanafunzi 15 na familia ya watu watano. Kilo mbili za unga wa ngano hutoa chapati kama 20. Ukihesabu mbili kwa kila mtu unahitaji 40, yaani kilo nne, pamoja na kilo mbili za ndengu. Kupika chapati 40 kwa jiko moja ni zaidi ya saa mbili, na gesi ya kilo 13 uliyozoea kuona ikimaliza mwezi na zaidi haitafika. Kwa hiyo chapati ziwe za mara moja kwa semesta. Jumapili nyingine iwe ugali, sukuma na maharagwe: pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi kwa watu wanane hadi kumi wenye njaa ya chuo. Wanafunzi waje mapema wakate sukuma, wasonge ugali, na waoshe sufuria kabla ya kuondoka. Mama mwenye nyumba akibaki jikoni peke yake huku wengine wakijifunza Biblia sebuleni, huduma hiyo itakufa ndani ya mwaka, na itakufa kwa ugomvi.

Saa ya kuondoka itajwe mapema. Saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni inatosha. Baada ya hapo matatu za kurudi chuoni hupungua, wasichana wanatembea gizani, na watoto wako bado hawajafanya kazi ya shule. Chumba cha watoto kisiwe ukumbi wa maombi. Mwanafunzi mwenye jambo zito asikilizwe mahali panapoonekana, mwenzako akiwa nyumbani, mlango ukiwa wazi. Na kwa ombi la karo, ambalo halikosi, tengeni kiasi cha semesta nzima mapema. Kikiisha kimeisha, na anayekuja baadaye aelekezwe kwenye mfuko wa ustawi wa CU. Kukopesha mwanafunzi ni kumfukuza: akishindwa kulipa ataanza kukukwepa.

Kuhusu safari, karatasi zianze miezi sita kabla. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na ofisi za uhamiaji zipo Nakuru, Kisumu na Eldoret, kwa hiyo si lazima kupanda gari la Nairobi. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi, na hapa wengi hukwama kwa sababu jina kwenye cheti halilingani na la kitambulisho cha mzazi. Kagueni herufi moja moja. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye miezi sita mbele. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Cheti chake sasa ni cha maisha, basi kihifadhiwe ndani ya pasipoti. Familia ya Njoro ikumbuke pia kwamba watoto waliolelewa kwenye baridi ya nyanda za juu hawajaizoea malaria kama wa Kisumu, na wakienda nchi ya joto wanahitaji neti na dawa ya kinga kwa ushauri wa daktari. Bima ya afya ya serikali, SHA, msiitegemee ng'ambo. Nunueni bima ya safari.

Bajeti nyingi za misheni huhesabu anayepanda ndege na kumsahau anayebaki. Andikeni safu mbili. Moja ina tiketi, viza, bima, malazi. Ya pili ina karo ya muhula, kodi, tokeni za stima, gesi, nauli ya shule, mshahara wa msaidizi wa ziada, na dawa za presha za mama kijijini. Safu zote mbili ndizo gharama ya safari, na wadhamini waonyeshwe zote mbili. Ahadi isihesabiwe kuwa pesa. Kwa safari ndefu, subirini hadi ahadi za kila mwezi ziwe zimeingia miezi mitatu mfululizo, ndipo mkate tiketi. Mkono ulioinuliwa kanisani siku ya kuwekewa mikono si M-Pesa.

Jambo linaloogopwa kutajwa ni msiba. Kwa Waluo na Waluhya, kukosa matanga ya mtu wa karibu ni kosa linalokumbukwa na wajukuu, na kusema "nilikuwa kwenye kazi ya Mungu" hakulifuti. Basi kabla ya kuondoka, nendeni kijijini mkakae na wazee. Waambieni mnakwenda wapi na kwa muda gani. Kubalianeni ni misiba ya nani itakayowarudisha, kwa kawaida wazazi na ndugu wa tumbo moja, na nani atasimama kwa niaba yenu katika mingine. Huyo mwakilishi aachiwe fungu la mchango lijulikanalo, asilazimike kupiga simu kila wiki. Nauli ya kurudi kwa dharura iwekwe kando, isiguswe hata kwa chakula cha misheni. Wazee walioshirikishwa hivi hugeuka kuwa watetezi wenu. Waliosikia habari kwa majirani hawasahau.

Kama mzazi mmoja ndiye anayesafiri, anayebaki apunguziwe CU, asiongezewe. Mikutano ya nyumbani isimame au ihamie kwa familia nyingine. Wazazi wote wawili wakiondoka, anayelea watoto apewe barua iliyosainiwa mbele ya wakili, aweze kutia sahihi shuleni na hospitalini, pamoja na nakala za vyeti. Laini ya simu yenye M-Pesa ya nyumbani ibaki na anayebaki. Msafiri awashiwe huduma ya kutumia laini yake nje kabla ya kupanda ndege, la sivyo nambari za siri za benki hazitamfikia. Saa ya simu na watoto ipangwe kwa hesabu: Thailand, kwa mfano, iko mbele yetu kwa saa nne, hivyo mtoto akifika nyumbani saa kumi na moja jioni, kule ni saa tatu usiku. Mara tatu kwa wiki kwa saa maalumu ni bora kuliko simu ya kila siku isiyotabirika. Na kama ni nchi ambako waumini wanasumbuliwa, picha zao na majina yao visiwekwe kwenye stetasi ya WhatsApp, hata kwa ombi la maombi.

Msafiri akirudi, makanisa yatamwita atoe ushuhuda tangu Jumapili ya kwanza. Akatae kwa wiki mbili. Siku hizo ni za kulala, kupeleka watoto shule, na kumpa aliyebaki siku kadhaa za kwenda anakotaka bila kuulizwa chakula kiko wapi. Ripoti kwa wadhamini iende ndani ya siku 30: ukurasa mmoja wa kazi na mmoja wa hesabu, risiti zikiwa zimeambatanishwa, na chenji iliyobaki ikitajwa hadi shilingi ya mwisho.