Maswali Yenu: Junia ziko tatu, nimpeleke msichana wangu ipi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mzazi huku ndani Kinango, kaunti ya Kwale, msichana wangu yuko gredi ya 6 na Januari anaingia gredi ya 7. Shule za serikali naweza kumpeleka ziko tatu na zote zina junia, yaani gredi ya 7 hadi 9. Ya kwanza ndio anasoma saa hii, iko hapa hapa dakika kumi kwa miguu, lakini junia yake ina walimu wawili tu na mmoja ni mwanagenzi. Ya pili iko kwa lami, kama kilomita nne, ina walimu watano, haisifiwi wala haisemwi vibaya. Ya tatu iko sokoni, hiyo ndio watu wote wanaisifu ati KPSEA yao kila mwaka ni moto, darasa moja watoto sabini na zaidi, na nilipoenda kuulizia nikaambiwa nije na elfu tano za kumsajili. Babake anataka hiyo ya sokoni. Nazilinganisha vipi?
Mzazi, Kinango

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo KPSEA maana ndio inawachanganya wazazi wengi sana. Huo mtihani unafanywa gredi ya 6, kwa hivyo waliomfundisha mtoto mpaka akafanya vizuri ni walimu wa msingi, na hao kwa kawaida hawamfuati junia. Akiingia gredi ya 7 mara nyingi anakutana na walimu wengine, hata kama geti ni lile lile na mwalimu mkuu ni yule yule. Sasa shule inaweza kuwa na msingi moto na junia inayumba, na mzazi hajui mpaka mtoto amefika gredi ya 8. Ukitaka matokeo ya kukusaidia uliza ya KJSEA, ule wa gredi ya 9, ambao umefanywa mara ya kwanza 2025 na wale watoto walioingia gredi ya 7 Januari 2023. Uliza watoto wa shule hiyo wameitwa shule gani za sekondari pevu, yaani zile za gredi ya 10 hadi 12, na uliza hasa Sayansi na Hisabati walipata vipi.

Halafu walimu, na hapa ndio moyo wa jambo lenyewe. Junia ina masomo 9. Walimu wawili wakigawana masomo 9 kwa gredi tatu ujue mtu aliyesomea Kiswahili na Dini ataingia darasani na kitabu cha Sayansi Jumuishi, atasoma kilichoandikwa, watoto watanakili, basi. Simlaumu huyo mwalimu, anajitahidi, lakini mtoto ndio anaumia. Na shule ndogo inaumia mara mbili kwa sababu mgao wa serikali kwa junia umewekwa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sasa yenye watoto 40 inahesabiwa 601,680 na yenye 200 inahesabiwa 3,008,400, na zote mbili zinatakiwa ziwe na vifaa vya maabara. Tena hizo pesa zenyewe huchelewa. Ndio maana utakuta junia ya kijijini inamtegemea mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye wazazi ndio wanachangia mshahara wake.

Ukitaka kujua ukweli usiulize ofisini, tafuta mtoto wa jirani aliye gredi ya 8 kwa kila shule umuombe daftari lake la Sayansi. Angalia tarehe. Kama somo la mwisho liliandikwa wiki tatu zilizopita, au kurasa zote ni notsi bila alama hata moja ya kalamu nyekundu, umepata jibu lako. Angalia pia daftari la Pre-Technical, lile somo la misingi ya ufundi, hilo ndio hurukwa sana. Na umuulize kazi za mradi za SBA, ile tathmini inayofanywa shuleni, wanazifanya kweli ama wanaandikiwa tu alama, kwa sababu alama za gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 ya zile zinazotumika kumpangia sekondari pevu, KPSEA ni 20 na KJSEA yenyewe 60. Shule inayozembea hapo inamnyima mwanao alama ambazo hatazirudisha.

Hizo elfu tano usitoe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza mzazi pesa za kumsajili mtoto, na mchango wowote mwingine lazima upewe risiti rasmi. Wakishikilia, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize kwa adabu, utaona jinsi hiyo bei itakavyopotea.

Sasa njia. Kilomita nne kwa msichana wa miaka kumi na mbili au tatu si mchezo, na huko kwenu ndovu hutoka upande wa Tsavo wakavuka mpaka mashambani, kwa hivyo asubuhi ya giza asitoke peke yake. Jua watoto wangapi wa kijiji chenu wanaelekea huko waende kundi moja. Bodaboda ya kulipa kwa mwezi mimi siipendi kwa wasichana wetu, nimefundisha miaka mingi na nimeona wangapi wameachia masomo njiani. Uliza kama kuna chakula cha mchana hata kama ni githeri, na ukifika ingia choo cha wasichana mwenyewe, uone kama mlango unafungika na kama kuna maji.

Kwa ulivyonieleza mimi naelekea hiyo ya pili. Walimu watano wanaweza kugawana masomo 9 bila kubahatisha, na kutosifiwa si ubaya. Ila kama hakuna watoto wa kutembea naye, mwache shule ya hapo karibu na nyumbani kisha wewe na babake muingie mkutano wa wazazi muulize mwalimu wa Sayansi ataletwa lini, na mwende wengi. Madaftari yapitie kabla shule hazijafungwa muhula wa tatu, na babake mwonyeshe hayo hayo madaftari.