Asiransi inafwata motokari, haifwate shofere

Yaya, vile umeuliza kama asiransi (bima) ya motokari yako inakukinga siku unashika volan ya motokari ya shemeji, jibu ni hapana, huku Lubumbashi na Kongo yote asiransi ya lazima (ile sheria inalazimisha, ya kulipa wale umegonga) inafwata motokari, njo maana kwenye karatasi banaandika numero ya plake. Kwa hiyo siku ile karatasi yenye iko na kazi ni ya shemeji. Kama yeye mwenyewe alikupatia funguo na uko na permi (leseni ya kuendesha) ya kweli, asiransi yake njo italipa muntu mwenye umegonga, ao ukuta yake. Lakini kutengeneza motokari ya shemeji yenyewe haiko ndani, isipokua alikamata "tous risques" (asiransi yenye inalipa hata motokari yake mwenyewe), na bengi habakamatake ile juu ya bei. Hapo njo bandugu banakosana sana, muzungumuze mbele ya kutoka, tafazali.

Angalia tarehe ya ile asiransi isikuwe imepita. Na kama iliandikwa ya matumizi ya nyumbani na weye unaenda kubeba bantu ba kulipa kama taksi, banaweza kukatala kulipa. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, karte jone ya COMESA (karatasi ya asiransi ya kuvuka mipaka) nayo ni ya motokari, si yako.

Bandugu ba Uingereza benye kusema asiransi yabo inabafwata hababongope, kule kontra fulani ziko na kipengele cha kuendesha motokari ya wengine, na kwa kawaida kinakinga wale umegonga tu. Ya kwetu usiihesabie hivyo.