Kocha, mwachie refa filimbi yake

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha raga ya wavulana wa sekondari hapa Nairobi, mdomo wangu ulitupotezea mechi. Tulikuwa mbele kwa pointi mbili, dakika zimebaki chache. Refa akatoa penalti dhidi yetu karibu na katikati ya uwanja, nami nikapaza sauti: "Hao wanaotea tangu mwanzo, huoni?" Nahodha wangu, kijana mpole kabisa, akamrudia refa maneno yaleyale. Penalti ikasogezwa mbele mita 10, na kutoka hapo mpigaji wao akaweza kuufikisha mpira golini. Tukafungwa kwa pointi moja.

Kwenye basi kijana aliniomba radhi huku analia. Nilisimama nikawaambia wote kwamba kosa lilikuwa langu.

Baadaye nilisomea urefa, na kila kocha wa raga ya ridhaa namsihi ashike filimbi angalau mechi moja. Kwenye raki, yaani pale wachezaji wa pande mbili wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, unatazama kama aliyemwangusha mwenzake amejiondoa, kama aliyeangushwa ameachia mpira, kama wanaofika wameingia kutoka nyuma na bado wamesimama kwa miguu yao, na hapohapo uchunge mistari ya kuotea ya pande zote mbili. Hayo yote ni sekunde chache, nawe huna video ya marudio. Washika vibendera wenyewe mara nyingi ni wachezaji wa akiba.

Siku hizi refa akifika namlaki, namwonyesha pa kubadilishia nguo, nampa maji. Swali langu namuuliza kabla ya mechi, anapokuja kuzungumza na wachezaji wa mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana. Baada ya hapo anayesema naye ni nahodha peke yake. Wazazi wakianza kumtukana, nawafuata mimi mwenyewe, maana nikinyamaza watoto wanaona nimekubali.

Lalamiko zito liandikie barua waandaaji wa ligi. Usirushe video kwenye WhatsApp. Mwaka 2021 Rassie Erasmus, mkurugenzi wa raga wa Afrika Kusini, alimkosoa refa Nic Berry kwa video ya zaidi ya saa moja, akafungiwa miezi miwili asijihusishe na raga kabisa. Huyo alikuwa ameiongoza nchi yake kutwaa Kombe la Dunia.

Mechi ikiisha, ngoja kwanza avue viatu, nawe hasira zikutoke. Kisha uliza alichoona, usimuulize kwa nini amekuonea. Mara moja nilimwendea refa, dada mmoja kijana, nikamwambia: "Refa, pole na kazi. Namba saba wetu umemwadhibu mara tatu kwenye raki. Uliona nini?" Akanionyesha kwa mikono yake: "Anatanguliza mikono chini, mbele ya mpira, ndipo anaurudia. Uzito wake haubebwi na miguu." Mimi pembeni nilikuwa sijaliona hilo hata mara moja. Jumanne tukaanza kulirekebisha mazoezini.