Kabureta ya 38mm kwenye XT500? Hapana
Ndugu, umeuliza kama ufunge kabureta (kifaa cha kuchanganya hewa na petroli) yenye koo la 38mm kwenye hiyo pikipiki yako Yamaha XT500 ya 1976 ili ipate nguvu, mi nakwambia achana nayo. Pikipiki ya matope na milima nguvu yake unaitaka huku chini, injini ikizunguka polepole, sasa koo la kabureta, yaani njia ya hewa, likiwa pana sana hewa inapita taratibu, haivuti petroli vizuri, ukipiga mafuta ghafla inakata pumzi. Chukua kabureta ya Mikuni VM34 (koo la 34mm) orijino, kopi zake matundu ya jeti, vile vipande vya kupimia petroli, hayaaminiki kabisa. Kabla hujalipa pima mpira wa inteki unaounga kabureta na injini, na nafasi mpaka ea klina (chujio la hewa), na waya wa eksileta pia, uone kama itaingia. Ikishawaka ikimbize kidogo ufungue plagi uangalie ncha yake, ikiwa nyeupe petroli haitoshi, weka jeti kubwa zaidi, ikiwa na masizi punguza.