Wimbo Huu Una Kisa Gani? Majibu kwa Wasomaji

Nikitafuta mtandaoni kisa cha wimbo napata majibu matano yanayopingana. Nianzie wapi?

Anza na mtunzi, kisa kitafuata. Wengi humwandama mwimbaji, na mwimbaji mara nyingi hakutunga neno hata moja.

Fungua Discogs, tovuti inayoorodhesha santuri na matoleo yake, andika jina la wimbo pamoja na la mwimbaji, kisha ingia kwenye ukurasa mkuu unaoorodhesha matoleo yote. Yapange kwa mwaka na ufungue la zamani kabisa. Kuza picha ya karatasi ya katikati ya santuri: karibu na jina la wimbo, aghalabu ndani ya mabano, pameandikwa majina ya watunzi. Taarifa zilizo pembeni zimeingizwa na watumiaji na zina makosa ya hapa na pale, kwa hiyo ishike picha.

Hata hivyo, karatasi yenyewe nayo huweza kudanganya. Chukua The Lion Sleeps Tonight, uliotamba Marekani mwaka 1961 kwa sauti za The Tokens. Ukiutafuta kwenye SecondHandSongs, hazina ya nyimbo zilizorudiwa na wasanii wengine, utarudi nyuma hadi Wimoweh ya kundi la The Weavers, kisha Mbube ya Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds, iliyorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Kwenye Wimoweh mtunzi ametajwa kuwa Paul Campbell. Msake utakavyo, humpati: ni jina la bandia walilolitumia The Weavers wenyewe. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Makala ndefu ya Rian Malan katika jarida la Rolling Stone, mwaka 2000, ndiyo iliyoanika mambo hadharani, na mwaka 2006 warithi wa Linda wakafikia makubaliano ya malipo.

Basi ukikuta mtunzi asiye na picha, mahojiano wala maisha yoyote nje ya wimbo huo, usimruke. Huenda kisa chenyewe kimejificha hapo.

Tovuti za Songfacts na Genius, zinazoeleza visa na maneno ya nyimbo, zinaaminika?

Zinaaminika kwa sehemu, na sehemu hizo zinatofautiana hata ndani ya ukurasa mmoja. Songfacts, iliyoanza mwaka 1999, ina mahojiano yake yenyewe na watunzi, na hayo ndiyo dhahabu yake. Maoni ya wasomaji yaliyo chini ya ukurasa ni soga za kijiweni. Kwenye Genius, ufafanuzi wa mistari huandikwa na watumiaji wa kawaida, na wengi wao hubahatisha kwa kujiamini mno. Tafuta ufafanuzi uliowekewa alama ya kuthibitishwa na jina la msanii aliyeuandika.

Kila dai liulize mambo matatu: nani kasema, kasemea wapi, mwaka gani. Kwa miaka mingi watu wamesimulia kwamba In the Air Tonight ya mwaka 1981 inamhusu mtu aliyemtazama mwenzake akizama majini bila kumwokoa. Phil Collins, aliyeutunga na kuuimba, amekanusha mara kadhaa. Anasema uliibuka katika hasira za kuvunjika kwa ndoa yake, na maneno mengi yalimjia papo hapo akiimba. Uvumi huo hauna msemaji wala tarehe. Nao watunzi husahau, au hupamba kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo mahojiano ya mwaka ule wimbo ulipotoka yana uzito kuliko ya miaka thelathini baadaye.

Na Wikipedia je?

Shuka moja kwa moja hadi kwenye rejea na uzifungue. Kuna mtego mmoja: mtu huandika dai bila chanzo, tovuti nyingine inalinakili, kisha tovuti hiyo inarudishwa Wikipedia kama ushahidi. Fungua kichupo cha historia ya ukurasa, utafute siku sentensi ile ilipoingizwa. Ikiwa chanzo kilichotajwa kimechapishwa baada ya siku hiyo, usikitegemee.

Magazeti ya muziki ya zamani yanapatikana bure?

Ndiyo. Tovuti ya World Radio History ina nakala za kurasa za magazeti ya Billboard, Cash Box na mengine mengi. Kasoro yake ni kwamba maandishi yamesomwa na kompyuta, na kompyuta huchanganya herufi, hasa chapa ikiwa imefifia. Jina la wimbo likikosekana, tafuta la mtunzi au la kampuni ya kurekodi. Ukishindwa kabisa, pakua toleo la wiki wimbo ulipotoka na upekue kwa macho. Inachosha, lakini inalipa.

Kiungo cha mahojiano kikiwa kimekufa, nakili anwani yake uibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kurasa za zamani za mtandao. Chagua nakala iliyo karibu na tarehe ya makala. Za baadaye mara nyingi zimehifadhi ujumbe wa kosa tu. Video na sauti mara nyingi hazimo.

Nasikia kipande cha wimbo wa zamani ndani ya wimbo mpya. Nitakijuaje?

Nenda WhoSampled, tovuti ya vipande vya nyimbo vilivyotumika ndani ya nyimbo nyingine. Huonyesha nyimbo zote mbili pamoja na dakika na sekunde kipande kinapoanza katika kila mmoja. Usikilize mwenyewe kabla ya kukubali, maana midundo hufanana bila kuibiana.