Maswali yenu ya stresi: mbona mambo yameisha ila mwili bado?

Meseji zenu ni nyingi, nimechagua chache tu. Nikizisoma naona karibu zote zina mkanganyiko mmoja: jambo limetokea saa hii, mwili unajibu saa nyingine kabisa. Stresi ina saa zake jamani, kuna ya sekunde, kuna ya dakika, kuna ya miezi, na ukizichanganya unabaki kumlaumu asiyehusika. Twende.

"Nikikaribia kuingia intavyu vidole vinakuwa vya baridi, mikono inatetemeka, mdomo mkavu, halafu tumbo linataka choo hapo hapo. Mimi ni mwoga au naumwa?"

Huumwi, na uoga tuuache pembeni, hiyo ni adrenalini. Juu ya kila figo kuna katezi kadogo ka gramu nne au tano hivi, ubongo ukishtuka unakapigia moja kwa moja kwa njia ya neva, na ndani ya sekunde homoni iko kwenye damu. Mishipa ya ngozi inabana ili damu iende kwenye misuli mikubwa, ndo maana vidole vinapoa. Misuli nayo imeshachajiwa tayari kwa kukimbia, sasa wewe umekaa kwenye kiti umekunja mikono na faili lako, hiyo chaji iende wapi? Inatetemeka.

Tumbo ndo lenye vituko. Juu kwenye mfuko wa chakula kazi inasimama, huku chini kwenye utumbo mpana wanaongeza spidi, kwa hiyo unahisi umemeza jiwe na wakati huo huo choo kinakuita. Walter Cannon, yule Mmarekani aliyekuja kueleza habari ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia mwaka 1915, alianza kwa kuwamulika paka kwa eksirei, akaona paka akikasirika tumbo lake linaacha kabisa kujongea, akitulia linaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo uko na ukoo mkubwa.

Na mimi nimo. Kuna siku nilisimama kusoma hotuba ya ukurasa mmoja, sauti iko poa kabisa, lakini karatasi inapiga kelele mkononi utafikiri bati kwenye upepo, na mzee wa mstari wa mbele ameikodolea karatasi wala haniangalii usoni. Siku hizi naandika kwenye kadi ngumu, nikitetemeka hakuna anayesikia. Kingine, acha kujiambia "tulia, tulia", maana mwili uliowaka hauzimwi kwa amri. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa 2014 ambapo watu kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walijiambia wana hamu na msisimko, wakafanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Moyo unadunda vile vile, jina tu ndo limebadilika.

"Mimi na mume wangu tukigombana tunapatana haraka, dakika kumi tu. Yeye anaenda kulala anakoroma, mimi bado nachemka. Nina kinyongo?"

Dada, hapo usijihukumu, angalia saa. Adrenalini inapungua ndani ya dakika chache, ila nyuma yake kuna homoni ya pili inaitwa kotisoli na yenyewe haina haraka, taarifa inatoka kwenye ubongo inapita tezi ya pituitari iliyo chini yake, inashuka kwa damu mpaka kwenye tezi zile zile za juu ya figo, ndo inaanza kutoka. Kilele chake ni kama dakika 20 mpaka 30 tangu ugomvi uanze. Sasa nyie mmepatana dakika ya kumi, wewe kotisoli ndo kwanza inapanda ngazi!

Ila nikwambie na upande wako. Ukishalala unaanza kurudia, "alivyosema vile ningemjibu hivi", na kila ukirudia unapiga kengele upya, mwili unajibu kumbukumbu karibu kama unavyojibu tukio lenyewe. Yakipita masaa mawili bado unachemka, hapo sio ugomvi tena, ni marudio. Inuka ufanye kitu cha mikono na miguu, kunja nguo, tembea tembea, na msianze mjadala mwingine ndani ya hiyo nusu saa. Kuhusu anayekoroma sina la kusema.

"Nimeona tangazo la vidonge vya kushusha kotisoli. Ninunue?"

Hapana. Kotisoli sio sumu, asubuhi ukifumbua macho inapanda yenyewe kwa nusu saa na zaidi kidogo ili upate nguvu ya kuianza siku, inakusaidia kupata sukari ya kutumia, inashikilia presha isidondoke. Kuna watu tezi zao haziitengenezi, ugonjwa aliouelezea daktari Thomas Addison mwaka 1855, hao wanameza vidonge vya kuwaongezea maisha yao yote na wakivikosa wanaweza kufa. Hela yako tunza.

"Nilikuwa na kipindi kigumu sana, nashukuru kimeisha. Sasa miezi mitatu baadaye nywele zinatoka kwa mafungu nikichana. Nimebadilisha shampuu mara mbili, hola."

Shampuu haina kosa, mdogo wangu, irudishie heshima yake. Hii ndo ile saa ya miezi. Kila unywele una muda wa kukua na muda wa kupumzika, na mshtuko mkubwa, iwe msiba, homa kali, kujifungua au stresi nzito, unaweza kuzipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa mpigo. Zikiwa mapumzikoni hazidondoki siku hiyo, zinakaa kama miezi miwili mitatu ndo zinaachia, wakati wewe umeshasahau na unatafuta mchawi kwenye chupa ya bafuni. Kwa kawaida kila mtu anapoteza nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku, kwa hiyo usizihesabu moja moja. Nyingi za aina hii hurudi zenyewe ndani ya miezi kama sita. Ila zikitoka kwa viraka, au na uchovu usioisha, kapime damu, upungufu wa madini ya chuma na tezi ya shingoni nazo zinafanya hivyo hivyo.

"Kila mtu ananiambia vidonda vyangu vya tumbo ni mawazo. Ni kweli?"

Zamani hata madaktari waliamini hivyo. Hans Selye mwaka 1936 aliwatesa panya kwa baridi na vitu vingine vingi, na kila mara akakuta vidonda tumboni, basi kesi ikaonekana imefungwa. Baadaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakasema kuna bakteria, wakabishiwa, mwaka 1984 Marshall akawanywa hao bakteria mwenyewe tumbo likawaka, na 2005 wakapewa Nobel. Bakteria huyo, anaitwa Helicobacter pylori, pamoja na dawa za maumivu za mara kwa mara, ndo chanzo cha vidonda vingi. Mawazo yanaweza kukuongezea maumivu, sawa, lakini ukiambiwa "punguza mawazo" bila kupimwa, umeachwa na bakteria wako. Nenda kapime, anatibika.

"Namuuguza mama mwaka wa pili sasa, usingizi ni wa kuiba. Nilijikata kidogo tu kidoleni, kidonda kinasuasua. Vinahusiana?"

Pole sana, na hili nitalijibu taratibu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwachukua watu wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, wakawatoboa kidonda kidogo mkononi, upana wake hata nusu sentimita hakifiki, wakafanya hivyo hivyo kwa wengine wa umri wao wasiouguza mtu. Vya waliokuwa wanauguza vilichukua kama siku tisa zaidi kupona. Mlinzi wa mwili akipewa oda ya dharura kila siku anaacha fundi wa ukuta amesimama, ndo picha yenyewe. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, sio kwamba unajidhania tu. Lakini nisikudanganye, kidonda kisichopona pima na sukari, wiki hii, usingoje mama apate nafuu. Na hiyo zamu ya usiku igawe, hata usiku mmoja tu kwa wiki kwa kaka zako, wakisema hawawezi waonyeshe hicho kidole.

"Hizi habari za kuvuta pumzi ni za kweli au ni maneno tu?"

Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya dole gumba. Vuta pumzi polepole, mapigo yanakimbia kidogo. Itoe polepole zaidi, yanalegea. Umeyasikia? Ni neva moja ndefu inayotoka kwenye ubongo kwenda kifuani na tumboni, inakanyaga breki ukitoa pumzi, kwa hiyo kinachosaidia ni kule kutoa kwa muda mrefu, sio kuvuta kwa nguvu mpaka kichwa kizunguke kama wengi mnavyofanya. Dakika tano zinatosha. Kama kinachokusumbua ni deni, haliondoki, ila utaweza kulipigia hesabu.